Ndege Aitwaye Msumbiji

Jua la Juni huwahi kuchomoza San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibi. Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa tayari Paseo de la Princesa, njia pana ya waenda kwa miguu chini ya ukuta wa mji wa kale, na aliyenitangulia alikuwa ndege mmoja. Mweusi wa kumetameta, macho ya manjano, mkia umekunjwa katikati kama mkuku wa mashua. Ni mdogo kuliko kunguru wetu lakini ujeuri ni ule ule. Alikuwa akikagua makombo chini ya benchi, taratibu, kama karani wa forodha asiye na haraka na mizigo ya watu. Kulikuwa na mzee anafagia majani. Nikamwuliza, kwa Kihispania changu cha kuombea maji, huyu anaitwaje.

"Mozambique."

Nikadhani anabahatisha nchi yangu. Nikajigusa kifua nikasema Tanzania. Akacheka, akamwelekezea yule ndege mpini wa fagio, akarudia polepole kama anayemfundisha mtoto. Mozambique. Kumbe ndege ndiye Msumbiji.

Wataalamu humwita Quiscalus niger, na wenyeji wana jina jingine pia, chango. Lakini hilo la Msumbiji ndilo lililonikaa rohoni asubuhi nzima, maana ndege huyu ni wa visiwa vya Karibi na hajawahi kuishi Msumbiji. Mimi nalisoma hivi: walimwona mweusi, wakampa jina la kwao watu weusi. Na ili jina hilo lizoeleke mpaka liingie katika ndege, ilibidi watu wa huko wawe wamefika.

Walifika kweli. Katika karne ya 19, manowari za Waingereza zilipozidi kuibana biashara ya watumwa pwani ya magharibi ya Afrika, wafanyabiashara walizungusha meli zao kwenye Rasi ya Tumaini Jema wakaja upande wetu. Miongoni mwa waliopelekwa makoloni ya Hispania ya Karibi walikuwemo Wamakua, ndugu za hawa tunaoishi nao Masasi na Mtwara. Puerto Rico ilifuta utumwa tarehe 22 Machi 1873. Chini ya miezi mitatu baadaye, mwezi Juni mwaka huo huo, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Pwani mbili, bahari mbili, mwaka mmoja. Shuleni tulifundishwa tarehe ya Unguja tu, nayo tukafundishwa kama jambo la kwetu peke yetu. Wala tusidhani huko mambo yalikwisha siku ile. Watu karibu 30,000 walioachiwa huru walilazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mikataba miaka mitatu zaidi, na fidia wakalipwa mabwana.

Katika kuta zote nilizozunguka asubuhi ile sikuona jina la Mmakua hata moja. Nililolikuta lilikuwa limevaa manyoya na linaokota makombo.

Ndiyo maana nina ugomvi na namna tunavyotunza miji ya kale, ya Karibi na ya kwetu. Tunatunza mawe. Mwaka 1983 UNESCO iliziweka ngome za San Juan na La Fortaleza, ikulu ya gavana, katika orodha ya urithi wa dunia, na sina neno na hilo. Lakini jiwe ni kumbukumbu ya aliyeamuru lijengwe. Wengine wote, waliolibeba, waliolichonga, waliopika chakula cha wabebaji, kumbukumbu yao imebaki katika vitu ambavyo hakuna anayeviwekea kibao. Miti, wanyama, mbegu, na majina ya vitu hivyo.

Mwisho wa Paseo de la Princesa kuna chemchemi kubwa ya sanamu za shaba, kazi ya Luis Sanguino ya mwaka 1992. Inaitwa Raíces, yaani Mizizi, na imekusudiwa kuonyesha asili tatu za kisiwa, ya Wataíno wenyeji, ya Waafrika na ya Wahispania. Ni nzuri, watalii huipiga picha. Mita chache kutoka hapo mizizi ya kweli, ya mti, ilikuwa imeinua sakafu ya njia kidogo. Sitashangaa siku moja mtu mwenye madaraka akaona ile ya shaba ndiyo urithi na hii ya mti ndiyo kero.

Ukipita chemchemi unaingia njia nyembamba inayofuata mguu wa ukuta mpaka chini ya ngome ya San Felipe del Morro, kushoto bahari, kulia jiwe la mchanga lenye rangi ya mkate uliokaa sana tanuri. Mtu aliyekulia pwani ya Tanga au Mombasa hawezi kupita hapa akajiona mgeni kabisa, na sababu yake ina mkono wa mfalme. Ngome hii ilianzwa 1539, ikapanuliwa mwishoni mwa karne hiyo chini ya Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye jina lake imelibeba. Felipe huyo alikuwa pia mfalme wa Ureno tangu miaka ya mwanzo ya 1580, na ndiye aliyetawala wakati Wareno wanajenga Fort Jesus ya Mombasa kati ya 1593 na 1596. Hata wahandisi walikuwa Waitaliano, Antonelli huku, Cairati kule, na wote wawili waliitwa Battista. Bwana mmoja alikuwa akijenga ukuta wa aina moja katika pande mbili za dunia, akitumia jasho la watu ambao hawakuulizwa.

Katika ukuta huo kila ufa una mpangaji. Kuna majani membamba kama vidole, kuna nyasi, na kuna mtini mdogo, wa jamii wanayoiita jagüey, umeota juu kabisa ambako mkono wa mtu haufiki. Ndege hula tini, hunya juu ya jiwe, mbegu hupata tone la mvua na vumbi kidogo, basi. Mzizi wake kwanza ni uzi. Baada ya miaka ni kabari. Kuta ambazo majeshi yalishindwa kuzivunja, kila mwaka inabidi zikwanguliwe na vibarua wenye panga kwa sababu ya kinyesi cha ndege. Nawaelewa wanaokwangua. Nakiri pia nilimpenda yule mtini.

Chini ya ukuta nikakutana na jamaa yangu wa utotoni, mkungu. Huku wanauita almendro, mlozi, ingawa si mlozi. Matawi yametandazwa ghorofa kwa ghorofa, majani makubwa yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka. Asili yake ni Asia ya kusini na visiwa vya Pasifiki. Kwetu ulifika zamani na kwao ukafika baadaye. Hakuna mtoto wa Tanga asiyejua kazi ya kugonga kungu kwa jiwe mpaka kidole kiume, ili upate kiini kisichojaza hata pengo la jino.

Na chini ya mikungu, paka. Wengi. Weusi, wa machungwa, wa mabaka, wamejilaza juu ya mawe ya kuvunjia mawimbi kana kwamba Mfalme Felipe aliyaweka kwa ajili yao. Paka hawa wamezua kesi. Kisiwa ni milki ya Marekani, na njia hii iko chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya nchi hiyo. Mwaka 2023 idara hiyo iliamua paka wapatao 200 waondolewe, kwa hoja za magonjwa, kinyesi, na kwamba paka wa mitaani hana nafasi katika eneo la hifadhi. Watu wa kujitolea wamekuwa wakiwahasi na kuwalisha kwa miaka. Mwaka 2024 watetezi wa paka wakaenda mahakamani.

Kwa paka mimi si mwamuzi wa haki, nasema mapema. Mtu aliyelala Lamu hata usiku mmoja ameshaegemea upande. Najua paka huua ndege na mijusi, na wanaosema hivyo hawasemi uongo. Kinachonisumbua ni hoja kwamba paka hawa si wa mahali hapa. Paka walivuka bahari ya Atlantiki ndani ya meli zile zile zilizoleta mawazo ya kujenga ngome, wakiajiriwa kuua panya wa shehena. Kama ngome ya mwaka 1539 imeshakuwa ya hapa, paka wa meli amechelewa wapi? Akipewa haki yake ya historia, bado anaweza kuhasiwa, bado idadi inaweza kupunguzwa polepole. Ila hoja itakuwa ya anachofanya, si ya alikotoka.

Nguchiro ananisaidia kulieleza hili. Mwaka 1877 nguchiro waliletwa Puerto Rico ili wale panya katika mashamba ya miwa. Panya hutembea usiku, nguchiro hutembea mchana. Wakapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Nguchiro akageukia mayai ya ndege, mijusi na vyura, na leo ndiye mnyama anayehofiwa zaidi kisiwani kwa kichaa cha mbwa. Sisi tulifanya mchezo huo huo kwa kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Alizila, kisha akala vifaranga vya ndege wengine, akavuka mpaka bara. Wote wawili waliajiriwa na wenye madaraka kusafisha uchafu wa wenye madaraka, na wote wawili sasa wanaitwa wavamizi. Aliyewaajiri haitwi kitu.

Nguchiro adhibitiwe, na kunguru pia. Na yule iguana wa kijani niliyemkuta akiota jua juu ya ukingo wa ngome, mfano wa kenge aliyevalishwa kilemba cha miiba, naye ana hesabu ya kujibu: alikuja kama mnyama wa kufugwa nyumbani, akatoroka au akatupwa, na sasa anachimba mashimo na kula bustani za watu. Wenyeji humwita gallina de palo, kuku wa juu ya mti, na wako wanaomla kweli.

Nikarudi nyuma nikaingia mjini kwa lango jekundu la Puerta de San Juan. Mtaa unaopanda kutoka langoni hadi kanisa kuu unaitwa Caleta de San Juan, una miti pande zote mbili, na tofauti yake na mitaa ya jirani unaihisi kwa ngozi kabla ya macho. Barabara zimetandikwa matofali ya rangi ya samawati iliyofifia, yaliyotengenezwa kwa masazo ya tanuri za kuyeyushia chuma. Ni mazuri yakilowa. Saa tatu asubuhi, mtaa usio na mti, yanapika nyayo. Kwenye kivuli mabibi wawili walikuwa wametoa viti nje. Kwenye mtaa wa jua hapakuwa na kiti hata kimoja.

Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilipita hapa. Kilivua miti ya kisiwa majani yote, milima ikawa kahawia kana kwamba imeungua. Umeme ulichukua karibu miezi kumi na moja kurudi kwa wote, na hesabu rasmi ya waliokufa, iliyotokana na uchunguzi wa Chuo Kikuu cha George Washington, ni 2,975. Wengi hawakuuawa na upepo. Waliuawa na yaliyofuata, dawa zisizopatikana, mashine za kupumulia zilizozimika, joto. Katika nyumba isiyo na umeme, mti wa mlangoni ndio kiyoyozi. Ngome zilisimama, bila shaka, zilijengwa zisimame. Kivuli ndicho kilichoanguka, na kivuli hakimo katika orodha ya urithi.

Lakini kuna mahali ambapo kukosa kivuli kwenyewe ni historia. Mbele ya El Morro kuna uwanja mpana wa majani, mteremko mtupu hadi baharini, ambako familia huja kurusha vishada. Wahispania waliuacha mtupu ili adui asipate pa kujificha na mzinga uone mbali. Leo watu wanapiga picha za upana ule na kuusifu. Nilipofika, mashine ya kukata majani ilikuwa imeanza kazi, na nyuma yake, hatua tatu tatu, walifuata yangeyange.

Hawa ndio wageni ninaowapenda kuliko wote, kwa kuwa hawakuletwa na mtu. Yangeyange wetu, huyu anayepanda mgongo wa ng'ombe, alivuka Atlantiki kwa mabawa yake mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 alishaonekana Suriname, na katika karne ya 20 akaenea visiwa vya Karibi na Amerika. Alikuta misitu imefyekwa kuwa malisho, na ng'ombe wa Ulaya wanamngoja. Mwafrika aliyefika Amerika bila minyororo, akijilipia nauli. Puerto Rico humwita pia garza africana. Asubuhi ile hakuwa na ng'ombe, akatosheka na mashine.

Kutoka ukingo wa uwanja unaona makaburi ya Santa María Magdalena de Pazzis, meupe, yametazama bahari, na ng'ambo yake mtaa wa La Perla, uliobandikwa nje ya ukuta. Nje, kwa sababu ndani hapakuwa pao. Huko ndiko palipowekwa machinjio, na makazi ya wafanyakazi maskini na ya waliokuwa watumwa. Mkrismasi mmoja ulikuwa umewaka mwekundu kati ya mapaa. Flamboyán, wanasema, na wanauchora kila mahali kana kwamba ndio bendera yao. Mti huu ni wa Madagaska, jirani yetu. Dar es Salaam huchanua Desemba, ndipo ukapata jina la sikukuu. San Juan huchanua Juni, kwa sababu unafuata joto na mvua na haujui kalenda ya kanisa. Hakuna mtu niliyemsikia akiuita mvamizi. Uzuri nao ni hati ya ukaazi.

Tusijifanye wao ndio wapokeaji na sisi watoaji tu. Muhogo tunaouita chakula cha mababu ulitoka Amerika, na mahindi, mapera, stafeli, korosho. Papai tunalo mpaka jina, lililoanzia katika lugha za wenyeji wa visiwa hivi likapita kwa Wahispania na Wareno hadi kwetu. Nao wanapika wali na gandules, ambazo ni mbaazi, na jina hilo huhusishwa na wandu la Kikongo. Wanakula shelisheli, wakiliita panapén. Lilisambazwa Karibi baada ya Kapteni Bligh, nahodha wa Kiingereza, kuleta miche mwaka 1793 ili mabwana wa mashamba wapate chakula rahisi cha watumwa. Sisi tulilipa jina la visiwa vya Shelisheli, tukalichemsha kwa nazi, historia tukaiacha kwenye sufuria.

Juu ya waya wa simu, karibu na La Perla, ndege mdogo wa kijivu alikuwa anapiga kelele: pi-ti-rre. Ndilo jina lake, pitirre. Umbo halimtoshi, lakini humfukuza mwewe angani mpaka amdonoe kisogo, na Wapuerto Rico wana methali kwamba kila mwewe ana pitirre wake. Katika kisiwa kilichochukuliwa na Marekani 1898, ambacho watu wake ni raia tangu 1917 na bado wakiishi kwao hawampigii kura rais, hakuna anayehitaji kufafanuliwa mwewe ni nani. Methali hiyo imehifadhiwa bila bajeti, na waya ukiondolewa pitirre atatafuta tawi. Tawi lisipokuwepo, sijui mtoto wa La Perla ataonyeshwa nini atakapoambiwa methali hiyo.

Ningependa mji wa kale, San Juan au Mji Mkongwe wa Unguja, uwe na daftari la miti yake kama ulivyo na daftari la milango yake. Mti uandikwe jina unaloitwa na wafagiaji, si la kitaalamu peke yake. Iandikwe nani hukaa chini yake saa ngapi. Pale Mizingani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, chini ya mti mkubwa uitwao Mtini, mafundi wa mashua wamefanya kazi chini ya kivuli kile muda mrefu kuliko balozi yeyote alivyokaa katika majumba yanayoutazama. Kazi yao ingekatika kwa msumeno wa asubuhi moja, na mlango wa Kiarabu wa jirani usiguswe hata msumari.

Niliporudi Paseo de la Princesa mzee alikuwa amekusanya rundo la majani mekundu ya mkungu na anayashindilia kwenye mfuko. Haupendi mti huo, aliniambia. Hauna msimu wa kupumzika, unamwaga mwaka mzima. Nikamwomba kungu mbili zilizokuwa kwenye rundo. Alinitazama kama mtu anayeombwa takataka, akanipa nne. Halafu akauliza, akionyesha chini ya benchi kwa kidevu: na kwenu, huyu mnamwitaje?

Nikamwambia kwetu hayupo.

Hakuniamini. Nikakaa nikagonga kungu ya kwanza juu ya tofali la samawati, nikagonga kidole, nikagonga tena. Kiini kilikuwa chembamba kama kawaida. Nilipoinama kuchukua ya pili, Msumbiji alikuwa ameshafika kwenye maganda.